Mwalimu Aliyeuliza "Nani?"

Hasira niliyo nayo juu ya habari za mwalimu huyu haijapoa, na sina mpango wa kuipoza. Nimewasikia watu wakisifu somo la mawasiliano na maadili kwa vijana wa kompyuta, eti ni jambo jipya, limekuja na wataalamu kutoka nje. Jipya! Aisee, watu hawana haya. Sisi tulifundishwa somo hilo hapa hapa Moshi, enzi za Ujamaa, wakati kompyuta yenyewe ilikuwa kabati kubwa linalokula kadi zilizotobolewa matundu, na serikali imeshapiga marufuku kuingiza nyingine. Aliyetufundisha alikuwa mwanamke mmoja. Chuo kilimfukuza, kisha kikajifanya hakijawahi kumwona.

Jina lake silitaji, hakupenda kutajwatajwa. Darasani tulimwita Mwalimu, na akigeuza mgongo tulimwita Mama Nani. Alikuwa mfupi, shingo nene, anavaa koti la kiume mwezi wa saba baridi ikishuka kutoka mlimani, na sauti yake ilisikika hadi jikoni kwa wapishi. Nilisikia alikulia kambi za miwa kule tambarare, kwa watu waliokuja kukata miwa kutoka mikoa mingine. Zaidi ya hapo sikuuliza, naye hakusema. Kiswahili chake kilinyooka. Chetu, sisi wa mlimani, kilikuwa na Kichagga ndani yake, naye alikicheka mchana kweupe. Na sisi tulimcheka alipojaribu kutamka majina ya vijiji vyetu, ngoma droo.

Mkuu wa chuo alimleta atufundishe kuandika barua za ofisi, basi. Ujue wapi pa kuweka kumbukumbu namba, ujue kumalizia "wako katika ujenzi wa Taifa". Yeye siku ya kwanza hakugusa barua. Alituuliza tunasomea kitu gani. Kijana mmoja wa mbele, msomaji hasa, akasimama akajibu kwamba habari zinaingizwa kwenye mashine, zinapangwa, halafu majibu yanatolewa.

"Yanatolewa na nani?"

"Na mashine, Mwalimu."

"Mashine ina mama?"

Darasa likaangua kicheko. Kijana akasema haina.

"Kama haina mama haiwezi kumwaibisha mtu," akasema. "Nitafutie mwenye mama."

Hilo ndilo lilikuwa somo lote, mengine yalikuwa nyongeza. Ukiandika "imeonekana vema", anauliza imeonekana na nani. Ukisema "kadi zimepotea", anauliza zilikuwa mkononi mwa nani. Ole wako useme "mashine imekosea". Alikuwa anaweka chaki chini, anakuja mpaka kwenye dawati lako, anasimama hapo bila kusema neno hadi useme ni nani aliyetoboa ile kadi, nani aliyempa karatasi ya kunakili, na nani aliyesema isihakikiwe. Wengine walimwona mwehu. Mimi nilimwona mchokozi tu, tena mchokozi mwenye muda mwingi.

Mtihani wake ulifanyika sokoni Kiboriloni, na hili ukilisimulia leo watu hawakuamini. Jumamosi alitushusha pale, kila mmoja akapewa mama mmoja muuza ndizi, na kazi ikawa kumweleza huyo mama kazi unayosomea hadi aelewe. Mwalimu alikaa pembeni anakula muhindi wa kuchoma. Ukimaliza, anamfuata yule mama anamwomba aeleze alichosikia. Mama ndiye aliyetoa alama. Ukiondoka na sifuri ya muuza ndizi, hakuna rufaa.

Wangu alikuwa mama wa makamo, ametandaza ndizi za aina mbili, mshare na ndizi ng'ombe, kwenye majani. Nilianza kumwaga maneno makubwa ya darasani. Akanisikiliza kwa adabu zote huku anawahudumia wateja, mwisho akaniuliza: "Sasa mwanangu, hiyo mashine yako inajua mshare na ndizi ng'ombe si kitu kimoja?"

"Ikiambiwa, mama, inajua."

"Na mtu asipoiambia?"

Nikababaika. Akamwambia Mwalimu kwamba binti ni mzuri, ana heshima, ila hajui anachokifanya. Mwalimu akaniandikia sifuri mbele ya soko zima, nikalia njia nzima ya kurudi, naye akanitazama tu. "Ukimaliza kulia uniambie, tuendelee," alisema. Mpaka leo naona hakuwa na sababu ya kunifanyia vile mbele ya watu.

Kwa hiyo msifikiri namsifu tu. Alikuwa na ulimi wa pilipili na hakuwa na upendeleo, aliwaunguza wote. Mashine yenyewe aliiogopa. Akiingia chumba cha mashine alikuwa anaingiza mikono ndani ya mikono ya koti lake, eti asije akapigwa na umeme, na maswali yetu ya kiufundi aliyafukuza kama kuku: "Hayo kamuulizeni mwenye mashine." Na huyu huyu wa maadili, miaka ile maduka yalipokuwa matupu, sabuni kwa foleni, sukari kwa kibali, yeye chumbani kwake sukari haikukosekana. Ilitoka kambi za miwa kwa ndugu zake, imefungwa kwenye gazeti, inapita mlango wa nyuma. Siku moja alitukaribisha chai. Mimi na kidonda changu cha Kiboriloni nikaona nafasi ndiyo hii.

"Mwalimu, hii sukari imeletwa na nani?"

Wenzangu walitaka kuzama chini ya kitanda. Yeye akanimiminia kikombe kikajaa.

"Na binamu yangu. Nimemtuma mimi, na ni kosa, na kosa ni langu. Umenisikia nikisema imepatikana? Kunywa."

Nikanywa. Ilikuwa tamu, nisiseme uongo.

Sasa nifike kwenye mrututu, ndiko moto ulikowaka. Asiyelima kahawa hajui. Mrututu ni dawa ya buluu ya kupulizia mibuni, na ukiikosa msimu wa mvua, chulebuni inaingia, buni zinakuwa nyeusi mtini kabla ya kuiva. Miaka ile ilikuwa ya mgao. Kila mkulima alikuwa na fungu lake. Ofisi ya pembejeo ilitumia mashine ya chuo chetu kutoa orodha ya majina, ikapeleka mrututu kijijini kwa kufuata orodha, na mtunza ghala wa kijiji akagawa. Ofisini pakazuka maneno kwamba kuna wakulima hewa, wanaojiandikisha mara mbili. Akaletwa mtaalamu kutoka Dar, kijana msafi, soksi nyeupe. Akaamuru kwamba jina likijirudia ndani ya kijiji kimoja, libaki moja, mengine yafutwe. Namba za kadi za wakulima alikataa zisitobolewe, eti zinachelewesha kazi.

Jamani! Mtu yeyote aliyezaliwa mlimani angemwambia. Chukua kijiji kimoja cha Kilema. Koo ni chache, na watu wote wamebatizwa kwenye misheni ile ile kwa majina ya watakatifu wale wale. Kwenye njia moja utakuta Aloisi watano wa ukoo mmoja: Aloisi wa mtoni, Aloisi mfupi, Aloisi wa mama Kristina, Aloisi fundi, na wa tano ambaye hana cha kumtambulisha ila ubishi. Kila mmoja ana kihamba chake, shamba la urithi, na kahawa yake. Mashine ikabakiza Aloisi mmoja, wanne wakawa hewa. Na wakubwa wa ofisi ile walikuwa Wachagga, wanayajua majina ya kwao, wengine wenyewe wana wajina wao chungu nzima nyumbani. Hakuna aliyefungua mdomo mbele ya soksi nyeupe. Waliogopa kuonekana washamba. Nikifika hapa damu hunichemka kila mara.

Mrututu uliofika kijijini haukutosha hata robo ya watu. Mtunza ghala alikuwa mzee wa kanisa, mpole, funguo za ghala kazifunga kwenye mkanda wa suruali. Aligawa kama alivyoletewa. Watu wakamuuliza, wetu uko wapi? Hajui. Kilema na mpaka si mbali, na wakati ule kila kilichopotea kilisemekana kimevuka kwenda Kenya. Basi ikawa hivyo: mzee kauza mrututu wetu, kauvusha Holili usiku. Kahawa ilipoozea mitini, wakaacha kumwita kwa jina lake la ubatizo, wakamwita Mwizi. Akiingia kilabuni, watu waliweka chini kata za mbege, pombe yetu ya ndizi, wakanyamaza mpaka atoke. Mke wake aliyekuwa akiuza maziwa alirudi nayo jioni, anayamwaga.

Habari hizo alizileta darasani mwenzetu mmoja wa kule. Mwalimu hakuuliza swali lake siku hiyo. Alitukalisha mchana mzima tumweleze kilichofanyika kwenye mashine, hatua kwa hatua, kama tunamweleza muuza ndizi. Alipoelewa akatoka nje akatema mate chini, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Kisha akaenda moja kwa moja kwa Mkuu wa chuo, ambaye pia alikuwa mjumbe kwenye kamati ya ofisi ya pembejeo. Sisi tukajibanza chini ya dirisha.

"Nataka ofisi iende Kilema," alisema. "Isimame mbele ya watu iseme yule mzee hakuiba. Mrututu siulizi, msimu umeshapita. Naomba jina la mtu lisafishwe."

"Ndugu Mwalimu," Mkuu alisema kwa sauti ya upole, ile ya kumtuliza mlevi, "mashine ile ni mali ya umma. Ukisema imekosea..."

"Sijasema imekosea. Nimesema mmekosea nyinyi."

"Unataka wananchi wakose imani na mipango ya maendeleo?"

"Mtu asiye na kosa anaitwa mwizi kijijini kwake. Hilo wewe halikuumi? Nawe una wazazi kwenye vijiji hivi hivi!"

"Yatazungumzwa kwenye vikao."

"Vikao vina mama?"

Mkuu hakuelewa, sisi chini ya dirisha tukaziba midomo. Ndiyo mara ya mwisho tuliyocheka naye. Wiki iliyofuata tangazo likabandikwa ukutani: imeamuliwa kwamba somo la mawasiliano limeondolewa kwenye ratiba. Imeamuliwa! Hakuna jina, hakuna sahihi, muhuri tu. Alilisoma akiwa na begi mkononi, na sura yake siwezi kuisahau. Hakukasirika. Alikuwa amechoka, na mimi sikutaka kumwona amechoka, nilitaka avunje kioo.

Tulisikia kwamba kabla ya kuondoka Moshi alipanda mwenyewe Kilema, kuwaambia watu ukweli. Kilichompata huko hatukukijua.

Mimi nilipomaliza chuo nilipata kazi. Wapi? Ofisi ile ile ya pembejeo. Ndiko walikokuwa wanatakiwa watu wa mashine, na nyumbani Shirimatunda wadogo zangu walikuwa wananisubiri. Baada ya misimu kadhaa wakubwa walirudisha namba za kadi, kimya kimya, na Aloisi wote wakapata mrututu wao. Wakapongezana. Kwa nini zilirudishwa hakuna aliyesema, na mzee wa ghala hakuna aliyemtaja, ingawa kule Kilema bado aliitwa Mwizi.

Miaka ikapita. Siku moja nilitumwa Sanya Juu kwa kazi ya ofisi, ikaangukia siku ya soko. Nikasikia sauti inagombeza mteja kuhusu kopo la maharage, nikageuka kabla sijafikiri. Alikuwa yeye, amekaa kwenye kigoda nyuma ya gunia, kapungua mwili, nywele nyeupe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ni yule wa kulia. Uko wapi siku hizi?"

"Ofisi ya pembejeo."

Akaweka kopo chini. Nami kwa kiherehere nikaanza kumpa habari njema: namba zimerudi, orodha zinahakikiwa, alichokuwa anakidai kimefanyika. Nilidhani atafurahi. Akaningoja nimalize.

"Na yule mzee?"

Nikapandisha hasira. "Si wewe ulikwenda Kilema, Mwalimu? Si uliwaambia? Sasa mbona bado wanamwita vile?"

"Nilikwenda," akasema. "Walipotoka misa nikasimama nikasema yote. Walinisikiliza vizuri, wakanipa kiti, wakanipa na mbege. Halafu mzee mmoja akaniambia: mama, umesema maneno mazuri, lakini isale halibebwi na mpita njia. Mwenye kosa yuko wapi? Au hata mtu wa nyumba yake?"

Hapo mimi Mchagga nilijua, yeye ilibidi aambiwe. Isale ni lile jani refu tunalopanda kwenye mipaka ya vihamba. Ukimkosea mtu unalifunga fundo, unampelekea, unaomba msamaha, na kulikataa ni vigumu mno, hata kama umeuliwa ng'ombe. Lakini lazima litoke kwa mkosaji au kwa watu wake. Mtu baki akilileta, ni jani tu. Watu wa Kilema walimwona mwanamke mwema anayemtetea mzee kwa huruma, na huruma haimwondolei mtu wizi.

"Sikuwa wa ofisi, na chuo kilikuwa kimeshanitupa," akasema. "Nilirudi nilivyokwenda. Wewe unakula wapi?"

"Ofisini kwao, Mwalimu, lakini..."

"Basi wewe ni wa nyumba ile."

Ebo! Nilimwakia pale pale, watu wakageuka. Nilimwambia mimi sikufuta jina la mtu, nilikuwa mwanafunzi, soksi nyeupe alisharudi Dar akapandishwa cheo, Mkuu wa chuo anajenga nyumba ya pili, wote wamelala usingizi wao, na leo wa kupiga magoti niwe mimi? Wakijua ofisini nitafukuzwa, na wadogo zangu atawalisha yeye kwa maharage haya? Nilimwambia ana roho mbaya tangu Kiboriloni.

"Yote kweli," akasema. "Wao hawatakwenda. Nakuuliza wewe. Jumapili mimi nitakuwa kanisani Kilema."

Nilimchukia, sifichi. Jumapili iliyofuata nilikata isale kwenye mpaka wa kihamba cha baba, nikapanda Kilema. Ruhusa ofisini sikuomba, wangeninyima. Mwalimu alikuwa ameshafika, amesimama pembeni ya kanisa na koti lake, na hakunisaidia kwa neno hata moja.

Watu walipotoka misa nilisimama na jani mkononi. Kichagga changu si cha Kilema, lakini tunaelewana. Nikawaambia mimi ni mtu wa ofisi ya pembejeo. Ofisi yetu iliyafuta majina yenu, ilidhani mtu na wajina wake ni mtu mmoja. Mtaalamu aliamuru, wakubwa wetu wakajua, wakanyamaza. Mrututu wenu haukufika ghalani, na mtunza ghala hakuchukua hata kijiko. Hasira ilinipanda, maana maneno yenyewe yalikuwa mafupi hivyo, mtu angeyamaliza miaka ile yote kabla chai haijapoa.

Watu wakatazamana, wengine wakainamisha vichwa. Kisha wakampisha mzee aliyekuwa amesimama nyuma kabisa, peke yake, kwenye lango. Alikuja polepole. Nikapiga magoti, nikamnyooshea isale kwa mikono miwili. Hakulipokea.

"Nimesikia," akasema. "Na hawa wamesikia. Lakini mimi nilikuwa najua siku zote kwamba sikuiba. Mke wangu, mama yenu, hakujua. Aliniuliza mara moja tu, nikamwambia, akanyamaza, na hakuniuliza tena. Amekufa mwaka jana."

Akageuka akaanza kutembea, nami nikainuka nikamfuata, na watu wote wa misa nyuma yetu. Mwalimu alikuwa kati yao, analia waziwazi bila kujifuta. Tukaingia kihambani kwake, tukapita migomba, mpaka kwenye msalaba wa mbao na udongo ambao bado haujatulia vizuri.

"Mpelekee yeye," akasema. "Mwambie kama ulivyotuambia sisi."

Nikapiga magoti kwenye majani makavu ya migomba, nikaweka isale juu ya udongo, nikamtajia mama yule jina langu na mahali ninapofanya kazi, nikaanza. Sauti haikutoka vizuri. Mzee akainama, akanishika bega.

"Paza sauti, mwanangu," akasema. "Miaka ya mwisho masikio yake yalikuwa mazito."

Nikaanza upya, kwa sauti.